Kadi za Dresa Kipriani

Kipriani alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika hospitali moja ya Nachingwea, na kazi yake ilikuwa kuwalaza usingizi akina mama waliopasuliwa kujifungua. Alidondosha dawa kwenye kitambaa cha puani, akashika mapigo ya moyo, na kila baada ya dakika tano akaweka chupa chini na kuandika kwenye kadi: dawa gani, kiasi gani, pumzi ikoje.

"Unaandika kama karani wa stesheni, na treni haiji!" alimtania Felisian, karani wa mafaili. Tena Kipriani alizipanga kadi zake kwa vijiji na misimu, ndani ya sanduku la mbao lililoachwa na Wazungu wa mradi wa karanga.

"Majina ya watu hubadilika, ndugu yangu. Kijiji kama Lionja hakihami," alijibu Kipriani.

Asubuhi moja ya mwaka 1953 aliletwa Biasha, uchungu siku ya pili, mtoto amekwama. Tumboni alikuwa na kovu. Daktari alikwisha kunawa. Klorofomu, dawa ya usingizi, ilikuwa mezani.

"Huyu alishapasuliwa," Kipriani alisema. "Tuione kwanza kadi yake, daktari!"

"Hakuna Biasha humu!" Felisian alipiga kelele kutoka kabatini.

Kipriani akamgeukia mama wa mgonjwa, Bi Ashura. "Mama, zamani aliitwa nani?"

Bi Ashura akaziba mdomo kwa kanga. "Jina lile tulilizika pamoja na mtoto, mwanangu. Yeye mwenyewe aliponea kaburini, tukampa jipya. Nikilitaja leo, namwitia mauti."

"Basi usilitaje! Nipe kijiji na msimu tu."

"Lionja. Mwaka juzi, tukivuna ufuta."

Kipriani alitoka mbio. Lionja, ufuta, 1951: kadi moja tu, mwandiko wake mwenyewe! *Klorofomu, matone machache, pumzi ikakatika. Tukageukia etha, akarudi.*

Daktari aliisoma, akaisukuma klorofomu mbali. "Lete etha!"

Kipriani alidondosha tone kwa tone, akihesabu mapigo, shati limelowa jasho. Pumzi ya Biasha ilikwenda, ikaja, ikakwenda, ikaja. Kisha mtoto akalia, kilio cha hasira, cha mtu aliyecheleweshwa! Nje Bi Ashura akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakaitikia.

Kipriani alipotoka na kadi mpya mkononi, alimkuta Felisian amepiga magoti sakafuni, mafaili yote chini.

"Usicheke," Felisian alisema bila kuinua uso. "Mafaili ya kijiji cha Mkotokuyana niyaweke wapi?"