Kaa la Moto Kupitia Uani

Ilianza Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Mama jirani, aliyezoea kupitia uani kwetu kuomba kaa la moto, alipiga hodi mlango wa mbele. Mwaka huo baba alikuwa amenunua mashine ya kusaga, na mume wa jirani alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge.

"Shoga, unabisha kama karani wa kodi!" mama alimtania.

"Siku hizi mna sakafu ya saruji, mwenzangu. Na miguu yangu hii ya vumbi?"

Mama alicheka. Jirani hakucheka. Usiku huo sikupata usingizi.

Asubuhi nilichukua kigae, nikapita uani kwake.

"Shikamoo mama. Naomba moto."

"Marahaba. Kwani kwenu viberiti vimeisha?"

"Vipo," nilisema kwa aibu, nikachutama kwenye mafiga yake, nikachagua kaa mwenyewe.