Mifupa Nyuma ya Jiko

Hooyo, mama yangu, alituachia mbuzi, nyumba ya Garissa, na kobe jike aliyemwokota Ijara kabla sijazaliwa. Mbuzi waligawanywa. Kobe hakuna aliyemtaka, nikabaki naye mimi, na nikaapa hatanifia mkononi.

Mvua za kwanza bila Hooyo, kobe alitaga mayai manne kando ya tangi la maji. Niliyagusa, yakabonyea kama tende mbivu. Siku chache baadaye akaanza kuburuta miguu ya nyuma, nami nikaingiwa na hofu ambayo hata msibani sikuwa nayo.

Kwetu udhaifu wowote una dawa moja. Mwanamke akijifungua, maziwa ya ngamia. Mtoto akivunjika mguu, maziwa ya ngamia. Basi nikayavuta kwenye bomba la sindano, nikamnywesha kobe kwa lazima. Aliharisha siku mbili. Na mimi ni mwalimu wa sayansi, wallahi, aibu iliyoje.

Nilimbeba kwenye karai hadi kwa daktari wa mifugo, mtu wa bara mwenye maneno machache. Alicheka kusikia habari za maziwa, kisha akalibonyeza gamba la kobe na kicheko kikakatika. Alinieleza kwamba ganda la yai hujengwa kwa kalsiamu, na kobe asiyeipata katika chakula huichota mwilini mwake.

"Dada, maziwa ni ya wanaonyonya," akasema. "Huyu anakula mifupa yake mwenyewe. Zamani alikuwa anakula nini?"

Majani, nikamjibu. Zaidi ya hapo sikujua. Nikampigia simu habaryar, mdogo wake Hooyo, kule Sangailu. Yeye akaniuliza tu kama ile mifupa bado iko nyuma ya jiko.

Nililikumbuka lile rundo: mifupa ya mbuzi, myeupe kwa jua, aibu yangu tangu utotoni. Siku ya tatu ya msiba, kabla wageni hawajafika, niliifagia yote nikaitupa. Kumbe Hooyo alikuwa akimwanikia kobe.

Nimeanika mingine. Daktari hakuahidi kitu, anasema tusubiri mayai yajayo. Jana kobe alijikokota mpaka nyuma ya jiko, akauma mfupa wa kwanza, kra, kra. Mlio ule niliusikia kila asubuhi nikiwa mdogo, nikidhani ni Hooyo anavunja kuni. Nilikaa chini nikalia, mara ya kwanza tangu tumzike.