Chujio Lililong'arisha Maji Likanivunjia Nyumba

Mhariri, jina langu lifiche kama unavyoficha ya wengine, maana Kyela ni ndogo na mimi ni mkubwa. Nina miaka thelathini na nane, ni mfanyabiashara wa mpakani. Shule niliishia darasa la sita, lakini nimelala Lusaka, nimekula Blantyre, na wa kunidanganya njiani bado hajazaliwa. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia una bandeji, na meno mawili ya mbele sinayo tena.

Tangu biashara iwe ruksa, kila mwenye nafasi hapa mtaani kwetu Bondeni ameleta ajabu yake. Huyu redio kubwa kama kabati, yule video. Mimi nikasema nitaleta ziwa sebuleni. Nilikuwa nimeona hotelini Blantyre sanduku la kioo lenye samaki wa buluu na njano, Wazungu wamelikodolea macho, nikacheka mpaka machozi, kwa sababu ni wale wale samaki wadogo wa miambani kwetu Nyasa, ambao mvuvi huwatupa kwa kukosa nyama. Nikatengenezesha sanduku langu Mbeya, nikaliweka juu ya matofali kati ya sebule na jiko, mahali ambapo ukuta haukuwepo.

Chujio la kwanza lilikuwa sponji tu na kipampu cha hewa. Samaki walinenepa, ila maji yalikuwa na ukungu wa kijani. Samaki akipita unaona kivuli. Na hapo baraka iliingia bila mimi kuijua. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani, ni mwiko mkubwa. Zamani mzee wangu akipiga hodi, mke wangu (tumwite Mama Tumpe, si jina lake) alitoka mbio mlango wa nyuma hata kwenye mvua, na mvua ya Kyela haina huruma. Kioo kilipokuja akawa anakaa jikoni kwenye kigoda chake, mzee sebuleni kwenye kochi, maji ya kijani katikati. Mzee akisimulia ujana wake wa migodini kusini, nasikia mke wangu anacheka kule nyuma, na mzee akisikia kicheko anaongeza chumvi. Miaka yote ya ndoa yetu walikuwa hawajawahi kucheka pamoja.

Lakini mimi na sifa zangu nikaona aibu wageni kuonyeshwa vivuli. Dukani Blantyre nikaonyeshwa machujio mawili: kopo kubwa la kukaa chini lenye mipira ya kuvuta na kurudisha maji, na kisanduku cha kuning'iniza nyuma ya kioo, chenye pamba na mkaa ndani. Kopo, umeme wetu ukikatika kutwa, linaoza ndani na kurudisha sumu. Kisanduku unakifungua kama sufuria. Nikachukua kisanduku.

"Baba Tumpe, samaki wamelalamika?" mke wangu akauliza.

"Maji yanatutia aibu."

"Mimi hayanitii. Acha sponji yako."

Nikamwambia mambo ya kisasa awaachie waliotembea.

Alipokwenda kwao Makwale nikakifunga. Kesho yake maji yalikuwa kama hayapo. Nikamwita mzee aje aone, nikijua mke wangu bado yuko Makwale. Kumbe alipata lifti ya gari la mpunga. Akaingia mlango wa nyuma na mtoto mgongoni, akasikia sauti ya mzee, akakaa kigodani kama siku zote bila kukitazama kioo, akateremsha kanga amnyonyeshe mtoto.

Mzee alikuwa ameinama amtazame samaki wa njano. Akainua macho.

Fimbo yake ya mpingo ilishuka, kioo kikapasuka, ziwa lote likatumwagikia. Kipande kilimchana mke wangu begani, damu ikakimbia na maji, samaki wakirukaruka humo humo. Pigo la pili lilinipata mdomoni, meno yakahama. "Umenivua nguo," alisema, akanipiga tena. "Umenivua nguo mbele ya mkamwana wangu." Nilikinga kwa mkono, nikasikia mfupa ukilia. Fimbo ikakatikia mgongoni kwangu, akaendelea na kipande.

Jioni shemeji zangu wawili wakaja kutoka Makwale, wakakuta bega la dada yao lina nyuzi.

"Nani kamkata?"

Nikasema mimi. Mngetaka nimtaje baba yangu? Wakaniburuta uani, wakanikanyaga mbavu kwenye tope mpaka nikaona nyota za nchi tatu. Mzee, aliyekuwa amejificha kwa jirani kwa aibu, akasikia, akatoka na kile kipande cha fimbo. "Mwacheni, nimekata mimi." Shemeji mdogo akamzaba kofi. Mzee akamrukia, akamng'ata sikio, na hakuliachia mpaka majirani walipowamwagia ndoo ya maji.

Mama Tumpe akaondoka na kaka zake. Nilimfuata Makwale. Shemeji wa sikio akanipokea: "Pita, shemeji. Leo sipigi, linauma."

Mke wangu alisema atarudi kioo kikirudi, tena na sponji, si kile kisanduku. Nikamwambia nitamjengea ukuta wa matofali, yaishe.

"Ukuta ukiwepo nitakuwa jikoni," alisema. "Kwenye yale maji nilikuwa sebuleni."



Mzee naye ameapa: siku kioo kikirudi, mimi si mwanawe. Lakini dada yangu anayemtunza anasema hasimulii tena migodi kwa mtu yeyote. Akiombwa, anasema hadithi hiyo ina mtu wake.

Samaki waliopona wako ndani ya chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, sponji inawapulizia. Fundi wa vioo anasubiri jibu langu. Mimi ninayewashauri watu kuanzia Mbeya hadi Lilongwe, leo nawapigia magoti nyinyi msionijua: nikate kioo nimpoteze baba, au nisikate nimpoteze mke? Na kama kuna neno la kumwambia mzee ili akubali tena yale maji ya kijani, niandikieni hilo neno.