Jini wa Chupa ya Marashi

Enzi zetu pale Kengeja, kabla kila mtoto hajawa na simu, jini tulimfuga wenyewe. Alikaa ndani ya chupa tupu ya marashi iliyozibwa kwa gunzi la muhindi. Kila alasiri, tukishatoka madrasa, tulimtoa uani kwa bibi yangu, kwenye mkeka uliokuwa bado unanukia karafuu.

Mchezo aliutunga Bikombo, binti wa jirani, aliyetuzidi umri. Yeye ndiye aliyesimulia safari na ndiye aliyemsemea jini. Sisi tulikuwa mabwana zake kwa zamu. Tulizuru naye visiwa vya kubuni, tukapigana na masultani wenye vichwa vya pweza. Lakini jini alikuwa mfungwa, na alikuwa akitafuta njia ya kutoka. Kila ukimpa amri unarusha kete tano tulizookota pwani. Zikilala nyingi kifudifudi, anatii. Zikilala nyingi chali, amekuponyoka, na anachukua kitu unachokipenda. Mimi alininyang'anya farasi, jumba, na siku moja macho yote mawili. Nilikwenda kulala nikiogopa kwamba asubuhi sitaona.

Bibi akipita na ungo wake alitukemea, "Nyie, huyo mdudu wenu abaki huko huko uani. Ndani kwangu asinikanyagie!"

Hodari wetu alikuwa binamu yangu Omar. Kabla ya kumwamuru jini alimwekea kipande cha muhogo wa kuchoma. "Kula kwanza, yakhe, kazi baadaye." Hakuwahi kuponyokwa. Tulimtania kwamba mwisho atamwoa.

Kisha mama yake, Bi Asha, akaugua. Gari lilimchukua akiwa amelazwa juu ya godoro, likampeleka bandarini Mkoani avushwe Unguja kwa matibabu. Omar akaachwa kwetu. Alasiri ile ile alikuja mkekani, akaivuta chupa. Hakuweka muhogo.

"Namwamuru amponyeshe mama."

"Omar," Bikombo akasema polepole, "huyu ni wa mchezo tu."

"Zamu yangu. Mimi ndiye bwana wake."

Akarusha. Kete zilikuwa bado zinazunguka Bikombo alipovua mtandio wake, akazifunika, akazizoa na kupiga fundo. "Mchezo umekwisha. Nendeni mkateke maji."

Bi Asha alirudishwa amefunikwa sanda. Omar aliichukua ile chupa, na hatukucheza tena.

Siku hizi mpwa wangu ana joka ndani ya simu. Akisahau kulilisha linakufa, anabonyeza, linaamka. Nilimuuliza kama haliogopi. Akacheka, "Nitaliogopea nini, si liko kwenye simu?"

Mimi nimemaliza chuo kikuu, nasubiri kazi, na wakati nasubiri nawaza. Ikiwa kete zililala kifudifudi, jini alimdanganya Omar. Ikiwa zililala chali, Omar mwenyewe ndiye aliyemponza mama yake. Najua ni upuuzi. Nina shahada. Bado nawaza, na najua Omar naye anawaza, kwa sababu kila Sikukuu tunapokutana kwa bibi anauliza.

Mwaka huu pia alitoka Mkoani anakofanya biashara, akala, akanawa, kisha akamgeukia Bikombo, ambaye sasa ana watoto wake.

"Bi mkubwa, zililalaje?"

"Kifudifudi, Omar. Zote tano."

"Basi alitii."

"Alitii. Amri ya Mungu ikawa mbele yake."

Omar akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kusali. Nilimsogelea Bikombo nikamuuliza kama kweli aliziona.

"Nilizifunika hazijatulia," alisema, macho yake mlangoni. "Wewe ulitaka niziangalie?"

Pembeni yetu mpwa wangu alikuwa ameinamia simu peke yake. Joka lilikuwa limekufa tena. Akabonyeza, likaamka.