Walinilaza Juu ya Kaburi la Binti Yangu

Nililala chali kwenye nyasi kama tulivyoagizwa, mikono nimeilegeza, macho nimefumba. Mtoa mada akasema, "Vuta pumzi taratibu. Isikilize ardhi iliyokubeba." Nyonga ikaniuma, nikageuka ubavu, nikafumbua macho. Mbele yangu palikuwa na jiwe kubwa limepakwa rangi nyeupe, limeandikwa KARIBU UTULIE. Chini ya rangi niliuona msalaba. Baba wa binti yangu aliuchonga kwa tindo, mkono mmoja ukatoka mfupi maana jiwe lilimeguka.

Sikulia. Niliendelea kuvuta pumzi pamoja na wenzangu.

Binti yangu alifia kwenye lori la viazi lililopinduka tukitoka Matamba. Mimi nilitoka hai, nyonga imevunjika. Tulimzika Njombe, kwenye shamba la ukoo wa baba yake juu ya kilima, kando ya jiwe hilo. Baadaye baba yake akaenda machimboni, hakurudi. Nikahamia Makambako, nauza mboga. Kile kilima sikukiweza tena, kwa hiyo kila Pasaka, watu wakiamkia makaburini kusafisha, nilimpigia shemeji yangu.

"Umefyeka?"

"Nimefyeka, shemeji. Pasafi, hata chai unaweza kunywea pale."

Nilijua ameuza shamba, na kwamba waliolinunua wamejenga kituo cha utamaduni chenye bustani. Aliniambia kaburi wamelizungushia uzio. Niliamini.

Mwaka huu akina mama wa kanisani tukakodi kosta kwenda kituoni kusikiliza mada ya majonzi na mazoezi ya kutuliza mwili. Mimi nilifuata kaburi. Nilipanga tukimaliza niombe mtu anipeleke. Tuliingia kwa geti jipya la upande wa lami, kilima kimesawazishwa, sikupatambua. Mwenzangu mmoja akasema, "Na kupumua nako kuna mwalimu? Mie napumua tangu nizaliwe Wanging'ombe!" Tukacheka sana, na mimi nikacheka. Ndipo tukaambiwa tulale.

Baada ya mazoezi nilimfuata meneja wa kituo.

"Kamwene, mama," akanisalimu.

"Kamwene. Pale kwenye jiwe mlimzika mwanangu mara ya pili."

Akanitazama. "Mama, sisi tulikabidhiwa shamba tupu. Mwenyekiti wa mtaa alithibitisha kuwa halina kaburi."

Mwenyekiti huyo siku ya mazishi alishika sepetu.

"Pole sana," akasema meneja. "Jumamosi ijayo tuna mada ya kusamehe. Karibu."

Sitakwenda. Mwili umekuwa kama si wangu, nauza mboga, narudisha chenji, basi. Lakini nataka jibu. Meneja, trekta lako lilipopita pale liliibua nini, na mlikipeleka wapi? Mwenyekiti, ulisahau lini kaburi ulilolifukia kwa mikono yako? Na wewe shemeji, Pasaka zote hizo ukiniambia pasafi, ulikuwa unafyeka nini?