Nyumba Niliyojengewa na Baba

Kwetu kisiwani Nosy Be, Madagaska, baba humjengea binti yake nyumba, na mume ndiye anayehamia na sanduku lake. Ndoa ikivunjika, hutoka na nguo zake tu. Hivyo ndivyo nilivyoolewa, na mume wangu hakuona haya.

Kisha uhuru ukaja, Wafaransa wakaanza kufungasha, na mume wangu akapewa cheo serikalini mjini Mahajanga, pamoja na nyumba ya mkuu mmoja wa Kifaransa aliyehama, katika mtaa wa Mangarivotra. Bustani, ua wa maua, bafu la marumaru. Majirani waliniamkia kwa Kifaransa kutoka barazani, kisha wakafunga milango. Mchana kutwa sikusikia mtu akicheka. Nikitwanga uani, mume wangu alikunja uso: majirani watasema nini? Nikitaka kualika wanawake tusome maulidi, jibu lilikuwa lilelile. Nilichoka na majirani ambao hata hawakuwa wakisema kitu.

Siku moja nikapandisha sauti. Akaniambia, "Kwangu sitaki kelele."

Kwake! Nikamwambia kama ni hivyo, nitarudi kwangu. Hapo akainamisha macho.

"Dada yangu anakaa humo. Nyumba yake haijaezekwa. Nilijua hutakataa."

Hakuniuliza. Alitoa nyumba ya baba yangu kama anayetoa koti lake kuukuu.

Nikapanda meli kurudi Nosy Be. Wifi yangu alinipokea mlangoni, mikono imejaa unga. "Karibu, wifi. Utakaa siku ngapi?" Kitanda changu alikwisha kukihamishia chumba cha uani. Maji yalinifika shingoni.

"Nimekuja kukaa," nikamjibu. "Mgeni ni wewe."

Akampelekea kaka yake habari, naye akaja kwa meli iliyofuata, suti na tai katika joto lile. Nilimpenda, hilo silifichi. Nilitaka aseme tu kwamba alikosea.

Akasema, "Umeniaibisha mbele ya majirani."

Nikamwambia amtoe dada yake kwanza, ndipo na yeye aingie. Akafuta jasho pale uani. Kisha akambebea dada yake mzigo, wakaondoka wote wawili, bila yeye kukanyaga ndani.

Nyumba ilibaki yangu. Nikaketi sakafuni nikalia kwa hasira, maana nilikuwa nimeshinda.