Soma Muhuri Mpaka Mwisho

Mwanangu, kila ukinionyesha pete na kuniambia, "Lakini shangazi, ina muhuri," namkumbuka dada yangu Poni, siku aliporudi kutoka soko la Malakia na mkufu mpya shingoni, masikio matupu.

Ilikuwa miaka ile ya amani. Tumerudi Juba kutoka Kenya, kila mtu anataka kung'aa. Poni alikuwa amepewa hereni za Mama, zilizofuliwa kwa mkono kwa dhahabu ya Kapoeta, ndogo, zimefifia, hazina alama yoyote. Mama alikimbia nazo wakati wa vita zimeshonwa ndani ya pindo la sketi. Kambini tulilala njaa, na hakuziuza. Poni akazibadilisha na mkufu.

"Mwenye kibanda amesema hizi bila muhuri ni bati," akaniambia. "Huu umepigwa 18K. Hata sumaku ameweka, haikushika."

Nikausogeza mkufu dirishani. Baada ya 18K kulikuwa na herufi mbili ndogo, GP.

"Poni, maana yake umepakwa dhahabu juu tu. Na sumaku haishiki shaba pia. Turudi sasa, kabla hajaziyeyusha."

"Wacha wivu. Ungepewa wewe hizo hereni, ungenyamaza."

Nilimwambia jioni, nikamwambia tena asubuhi. Sikio la kufa, mwanangu, halisikii dawa. Mpaka leo nikikumbuka kichwa kinaniuma.

Jumamosi kaka yetu akaoa. Unalijua joto la Juba. Kabla ibada haijaisha shingo ya Poni ilikuwa ya kijani, na shangazi zetu wanatazamana. Mama akamfuta kwa leso yake, taratibu, akauliza hereni ziko wapi. Poni akamwambia.

Mama hakugomba. "Muhuri hupigwa kwa nyundo," alisema, "na nyundo kila mtu anaweza kununua. Mimi ningekuambia dhahabu ile ilitoka wapi. Hukuniuliza."

Jumatatu tukaenda Malakia sote watatu. Kibanda kimefungwa. "Huyo mtu mafi," jirani yake akatuambia, akichanganya Kiarabu cha Juba, "hayupo tena. Amevuka daraja, amepita Gumbo na barabara ya Nimule kwenda Uganda." Poni akakaa chini palepale vumbini, akalia. Mimi niliyejaa hasira nikakaa kando yake.

Basi sikia, maana nimechoka kurudia. Muhuri usome mpaka herufi ya mwisho, halafu usiuamini peke yake. Sumaku hukuambia chuma, haikuambii dhahabu. Peleka kitu kwa sonara ambaye si yeye anayekuuzia, akisugue kwenye jiwe kiache mstari, atie tindikali juu yake, uone mwenyewe kama mstari unabaki. Kito chekundu ukikiona na viputo ndani, hicho ni kioo. Anayekuharakisha mwache aende zake; kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na cha mama yako usikitoe kabla hujamuuliza.

Mungu akupe macho ya kusoma na subira ya kuuliza. Mikono yako isitoe cha kweli ikapokea rangi, na ulichoachiwa na wazazi wako kikafike kwa watoto wako.